Nguzo Nne, Miaka Minne: Kisa cha Nyumba ya Ngara Iliyokosa Mnunuzi

Tangazo lilikuwa tamu kusoma. Nyumba ya kihistoria ya mwaka 1931, imekarabatiwa juu mpaka chini, iko hatua chache kutoka Globe, mzunguko wa barabara ukingoni mwa katikati ya jiji la Nairobi, hati safi. Picha kumi na mbili, na bei yake shilingi milioni 145. Miezi kumi na minne ikapita. Simu zilipigwa, wageni wakaja, maharusi wawili wakaomba kupigia picha kwenye ngazi, lakini hakuna aliyeweka pesa mezani. Ndipo nikaitwa.

Kazi yangu ni uthamini wa ardhi na majengo. Mwenye nyumba ameniruhusu niandike kisa chake mradi nisimtaje, kwa hiyo nitamwita Mwalimu, jina ambalo mtaa mzima unamwita kwa sababu mama huyu alifundisha hisabati mpaka akastaafu. Nyumba ni yake pamoja na ndugu yake mdogo anayeishi Kanada. Waliirithi kwa baba yao, karani wa reli, ambaye aliinunua mwanzoni mwa 1968 kutoka kwa familia ya Kigujarati iliyokuwa ikifunga mizigo kwenda Uingereza. Wanaokumbuka miezi hiyo wanajua mambo yalivyokuwa. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za 1967 ziliwabana Waasia wasio raia, na waliokuwa na pasipoti za Kiingereza walikimbilia London kabla Uingereza haijafunga mlango wake Machi 1968. Katika mitaa ya Ngara, Pangani na Parklands, nyumba zilibadilisha wenyewe kwa haraka. "Mzee alinunua kwa bei ya mtu mwenye tikiti ya ndege mfukoni," Mwalimu aliniambia. "Hakupenda kujisifia hilo."

Nyumba yenyewe inastahili nikae nayo kidogo. Ukisimama langoni unaona nguzo nne, mbili kila upande wa mlango, zimebeba roshani. Juu kabisa, kwenye ncha ya ukuta, kuna paji la pembetatu lenye tarakimu 1931 ndani ya shada la maua ya plasta. Vichwa vya nguzo vimejikunja kama pembe za kondoo dume. Kila dirisha la kushoto lina pacha wake kulia, kimo kwa kimo. Mtindo huu wasanifu wanauita uklasiki mpya: ni Ugiriki na Roma ya kale, zikafufuliwa Ulaya katika karne ya 18, zikasafiri na ukoloni, zikafika Nairobi zikiwa vazi la benki na ofisi za serikali. Mkaazi wa mji huu anaijua sura hiyo hata kama hajui jina lake. Ndiyo sura ya Maktaba ya McMillan na simba wake wa mawe, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1931, na ndiyo ya jengo la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, ambalo zamani lilikuwa benki.

Ila Ngara haikuwa mtaa wa magavana. Muuza vitambaa wa Kigujarati hakuweza kupata nyumba kwenye vilima vya magharibi mwa mji, kwa sababu hati za viwanja vya huko zilikuwa na masharti yaliyowafungia nje Waasia na Waafrika. Basi akachukua paji la serikali akaliweka juu ya mlango wake mwenyewe. Mimi ninaisoma nyumba hii kama majibu, tena majibu ya mtu mwenye maringo. Na ukivuka mlango, Roma inaishia hapo. Ndani ni nyumba ya Kihindi kabisa: ua wa wazi katikati, vyumba vimeuzunguka, jiko upande wake, na kishubaka cha ibada ukutani ambacho familia ya Mwalimu ilikigeuza mahali pa Biblia na redio.

Kuta ni za mawe ya kijivu ya Nairobi, yale yaliyotokana na majivu ya volkano, upana wake karibu nusu mita. Ngazi ni ya mti wa msaji. Paa ni la vigae vyekundu vya Mangalore, vingine bado vina mhuri wa kiwanda mgongoni.

Mwalimu na nduguye walianza ukarabati 2020 wakamaliza mwishoni mwa 2023. Walitumia shilingi milioni 31. Sehemu kubwa ya kazi ni nzuri kweli. Vigae vilivyovunjika vilibadilishwa kwa vigae vya zamani vilivyonunuliwa kwa wauza mabaki ya nyumba zilizobomolewa, si kwa mabati ya kuigiza. Umeme ulitandazwa upya. Ngazi ilikwanguliwa rangi tabaka tano mpaka mbao ikaonekana.

Lakini simama tena langoni uangalie nguzo. Mbili za kulia zimenenepa kidogo sana katikati, kisha zikapungua kuelekea juu. Ndivyo mafundi wa kale walivyozichonga, kwa kuwa nguzo iliyonyooka kabisa jicho huiona kama imebonyea. Mbili za kushoto zilikuwa na nyufa, na mkandarasi akazivunja akamwaga zege ndani ya mabomba. Zimenyooka kama nguzo za kituo cha mafuta. Mgeni hatajua kinachomsumbua. Atasema tu kwamba nyumba imeinama upande mmoja, na watatu kati ya waliokuja kuitazama walimwambia dalali maneno hayohayo.

Kosa la pili liko nyuma, kwenye ukuta wa jiko. Plasta ya awali ilikuwa ya chokaa. Jiwe la Nairobi hunyonya maji kutoka ardhini kama kitambaa, na chokaa huyaachia yatoke taratibu kama mvuke, hivyo ukuta huloana masika na kukauka kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Mkandarasi alibandua chokaa akapiga simenti, kisha akapaka juu yake rangi ya kuzuia maji. Maji sasa yanaingia kwa chini na hayana pa kutokea. Nilipobisha ukuta kwa kidole ulisikika mtupu mpaka usawa wa kiuno, na chumvi nyeupe ilikuwa imechanua juu ya sakafu. Dalali alikuwa ameisogeza kabati hapo. Simlaumu sana, ndiyo kazi yake, lakini mnunuzi wa nyumba ya milioni mia husogeza makabati.

Hayo yote yana dawa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye karatasi.

Nilifanya uchunguzi wa hati kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, na kweli hati ilikuwa safi: hakuna zuio, hakuna deni la benki, majina mawili ya wenyewe yameandikwa sawasawa. Safi, ndiyo, ila fupi. Kiwanja kilikodishwa kwa miaka 99 kuanzia tarehe 1 Januari 1929. Nilimsomea Mwalimu mstari huo tukiwa uani.

"Kijana wangu," akasema, "baba yangu alinunua nyumba hii. Unataka kuniambia nimepanga?"

"Umepanga kwa serikali, Mwalimu. Na yule aliyemuuzia Mzee naye alikuwa amepanga."

Akanyamaza. Kisha akahesabu kwa sauti, kama yuko mbele ya ubao: elfu moja mia tisa ishirini na tisa, jumlisha tisini na tisa, lakini siku ya mwisho ni ile inayotangulia. "Tarehe 31 Desemba 2027," akasema. "Hesabu hii ningempa mtoto wa darasa la nne."

Siku tangazo lilipotoka, mapema 2024, miaka iliyobaki ilikuwa minne kasoro. Siku niliyoitwa haikufika hata mitatu. Familia ilitumia milioni 31 na miaka mitatu kurekebisha uso wa nyumba, na katika muda wote huo hakuna fundi, msanifu wala dalali aliyeuliza ardhi iliyo chini yake imebakiza muda gani. Hili si jambo la ajabu Nairobi. Viwanja vingi vya mji wa zamani vina hati za aina hiyo, na wengi wetu tukishasikia neno hati tunaona jambo limekwisha.

Hebu sasa turudi kwa wanunuzi, maana mambo yao yanaeleweka upya.

Wa kwanza walikuwa mume na mke kutoka Ulaya wanaofanya kazi hapa. Hao ndio walioipenda nyumba kwa dhati. Mke alijua jina la kila sehemu ya nguzo. Katiba ya 2010, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, kwa hiyo kununua wangeweza. Lakini Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 13, inasema ukodishaji ukiisha, aliyekuwa akishikilia ardhi hupewa haki ya kwanza ya kugawiwa tena iwapo ni raia wa Kenya na iwapo ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Wakili wao aliwaonyesha kifungu hicho. Wangelipa milioni mia na zaidi kwa miaka michache, kisha wasimame foleni bila haki yoyote ya kwanza. Waliandika barua ya upole wakaondoka. Dalali aliieleza familia kuwa "hawakuwa na pesa."

Wa pili alikuwa Mkenya anayetaka kuifanya mkahawa. Benki yake iliangalia tarehe kwenye hati ikakataa kukopesha. Hakurudi.

Wa tatu alikuwa mjenzi wa maghorofa. Huyu hakuingia hata ndani. Alipima kiwanja kwa hatua, robo ekari, akatazama juu kuhesabu ghorofa ambazo jirani amejenga, akasema milioni 78 taslimu. Ngara ya leo ni ya watu wengi kwenye ardhi ndogo. Mradi wa nyumba za serikali wa Park Road peke yake una nyumba 1,370. Mjenzi hakuwa na kosa katika hesabu yake. Nyumba kwake ilikuwa kifusi kinachohitaji lori. Mwalimu alipomuuliza kuhusu muda wa hati, alijibu, "Mama, hayo ya karatasi niachie mimi." Mwalimu, ambaye wakati huo hakujua lolote kuhusu tarehe, alikereka kwa sababu hakupenda kuambiwa aachie mtu kitu. Nafikiri kukereka huko kuliokoa nyumba.

Ukiwapanga hao watatu pamoja unaona kwa nini nyumba hii haikuuzika. Mwenye kuipenda hakuwa na haki ya kubaki juu ya ardhi. Mwenye haki hakupata mkopo. Na yule aliyekuwa na pesa na haki alitaka kuibomoa. Bei ya milioni 145 haikuwa tatizo la kwanza, ingawa nayo ilikuwa ya kubuni. Dalali aliipata kwa kujumlisha ardhi, gharama za ukarabati na matumaini.

Makadirio yangu yalikuwa haya. Kwa hati ilivyokuwa siku ile, milioni 70 hivi, na hata hizo nilizitoa kwa kusitasita. Hati ikiongezwa muda, milioni 105. Ndani ya hiyo 105, kiwanja peke yake ni kama milioni 88. Kwa hiyo jengo lote, nguzo, msaji na vigae, linaongeza milioni 17 kwa mtu atakayelitumia. Mwalimu alikuwa ametumia 31. Nilimwambia hivyo bila kuzunguka, na sitaki msomaji aliye na nyumba ya babu huko Parklands ajidanganye: Nairobi hulipia ardhi kwanza na muda wa pili, uzuri unachukua mabaki.

Nilidhani tumefika mwisho wa habari mbaya. Nikauliza, kama jambo la kawaida tu, kuhusu uraia wao wote wawili.

Ndugu yake alichukua uraia wa Kanada 1998. Wakati huo katiba yetu ya zamani haikukubali uraia wa nchi mbili, na mtu mzima aliyechukua wa kwingine alipoteza wa Kenya. Miaka yote hiyo alikuwa akija Krismasi kwa viza akiona ni usumbufu wa uwanja wa ndege tu. Lakini nusu ya nyumba ilikuwa mikononi mwa asiye raia, na ile haki ya kwanza ya kifungu cha 13 ikawa na kilema. Wakili wa familia alisema huenda ingetetewa kwa sababu ya dada, huenda isitetewe. Mimi sikutaka kujua jibu la "huenda" kwa nyumba ya mtu mwingine.

Dawa ilikuwepo tangu 2010. Ibara ya 14 ya Katiba mpya inampa aliyekuwa raia kwa kuzaliwa, akapoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, haki ya kuurudisha kwa kuomba. Tulimpigia simu usiku wa Nairobi, mchana wa kwake. Mwalimu aliongea naye kwa Kikikuyu kwa dakika chache, kisha akageukia Kiswahili ili na mimi nisikie: "Umeniachia nyumba miaka ishirini na mitano nikuchungie. Sasa nataka kitu kimoja tu, uwe Mkenya." Kijana wa miaka sitini na mmoja akacheka, akasema, "Sawa, dada." Maombi yalijazwa wiki hiyohiyo.

Kodi niiguse haraka, ingawa nayo iliuma. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023. Kabla ya hapo ilikuwa 5. Nyumba ya kuishi husamehewa iwapo mwenyewe ameikaa mfululizo kwa miaka mitatu inayotangulia uuzaji. Mwalimu aliishi humo tangu utoto, lakini mafundi walipoingia 2020 alihamia Ruiru na hakurudi. Msamaha ukapotea. Gharama za kuboresha jengo huondolewa kwenye faida, ila kwa ushahidi, na kati ya zile milioni 31 alikuwa na risiti za 19. Nyingine zilikwenda kwa mafundi mkononi Jumamosi jioni. Mnunuzi kwa upande wake atatoa ushuru wa stempu wa asilimia 4, na hilo huingia kwenye kichwa chake anapotaja bei.

Kulikuwa na pendekezo jingine, na ndilo tulilobishana zaidi. Mwalimu alitaka nyumba itangazwe kuwa urithi wa taifa chini ya Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006, ambapo waziri huchapisha tangazo kwenye Gazeti la Serikali na jengo haliwezi tena kubomolewa au kubadilishwa ovyo. Nduguye aliogopa kwamba wajenzi wote wangekimbia na bei ingeanguka. Wote wawili walikuwa sahihi. Mimi moyo wangu ulikuwa kwa Mwalimu, lakini ushauri wangu wa kazi ulikuwa kusubiri: tangazo peke yake halilipi fundi, na jengo lililolindwa huku hati yake inaisha lingemwacha mama huyu na heshima asiyoweza kuiuza wala kuitunza. Hati kwanza. Mnunuzi akipatikana anayeitaka nyumba kama nyumba, yeye ndiye aombe. Mwalimu hakukubaliana nami siku ile, na sina hakika kama amekubali hata sasa.

Kilichofanyika baada ya hapo hakina msisimko. Tangazo liliondolewa. Madeni ya reti, yaani kodi ya kiwanja ya kaunti, na kodi ya ardhi ya serikali yalilipwa, kwa sababu hakuna maombi yanayosogea juu ya deni. Ndugu alipata uraia wake. Maombi ya kuongeza muda yakapelekwa hati ingali hai, jambo ambalo ni tofauti na rahisi kuliko kuomba upya baada ya hati kufa. Mpima akaja, mipaka ikahakikiwa, kaunti ikaulizwa kama inakihitaji kiwanja, ikajibu haikihitaji. Wakati naandika haya kilichobaki ni serikali kutoa barua ya masharti mapya na kodi mpya.

Na mnunuzi yupo. Ni daktari wa meno, Mkenya, alikulia Pangani, mjukuu wa fundi wa Kisikh ambaye ukoo wake ulitoka Punjab. Anataka kliniki chini na makao juu, kwa hiyo itabidi aombe kubadilisha matumizi ya jengo. Bei waliyokubaliana ni milioni 102. Ameweka asilimia 10 kwa mawakili, na mkataba unasema mauzo yatakamilika hati mpya ikitoka. Isipotoka, anarudishiwa pesa zake. Alipofika mara ya kwanza alizitazama zile nguzo mbili za kushoto kwa muda, akauliza, "Hizi nani alizichonga?" Mwalimu akamwambia ukweli. Alitaka punguzo la milioni tatu kwa sababu yake, na akapewa.

Sharti lake jingine lilikuwa ukuta wa jiko. Tulimleta fundi wa chokaa kutoka Lamu, mzee mkimya aliyekuja na ndoo zake mwenyewe. Alibisha ukuta mara moja tu. "Mama, ukuta huu umezibwa mdomo," akasema, na kabla ya chai alikuwa ameshaanza kuibandua simenti. Chini yake jiwe lilikuwa jeusi kwa maji. Chokaa ya Koru imelowekwa kwenye pipa uani, lakini fundi amekataa kuigusa mpaka jiwe ligeuke kijivu. Mwalimu sasa anakuja kila Jumamosi kutoka Ruiru kufungua madirisha ya nyuma upepo upite. Wiki iliyopita alimuuliza fundi ni lini watapaka. Mzee akaweka kiganja ukutani, akakitazama, akamwonyesha unyevu. "Masika yapite kwanza," akasema.